Chumvi ya Futari

Kaka Abdulwahab, shikamoo.

Huku Kilwa hatujambo. Goti la mama limepoa, anakusalimu sana.

Ulisema binti yangu Zuhura asipelekwe shule ya bweni ya Waanglikana, ataacha dini. Basi Ramadhani hii nilikwenda kuiona mwenyewe. Shule kongwe ile, lakini sakafu zinang'aa! Jikoni nilimkuta matroni, Mama Benadetha, msalaba shingoni, anaonja chumvi kwenye futari ya wasichana wetu. Wapishi wamefunga, kwa hiyo huwaonjea yeye. Adhana ilipolia, kikombe cha kwanza cha uji alinipa mimi.

Godoro la Zuhura nimeshanunua. Baba aliponikatalia mimi shule hiyohiyo, kaka, ulinyamaza. Safari hii pia nakuomba unyamaze.

Mdogo wako akupendaye,
Ziada