5,624 haina kipeuo

Nusrat, uliangalia simu! Sihaba wa watu kasimama mbele ya meza yenu, anaomba kazi ya kufundisha hesabu hapo tuisheni Buzuruga, nawe unaangalia simu!

Mwalimu Revocatus kamwandikia 5,624, kamwambia atafute kipeuo cha pili, namba kamili. Sihaba kajumlisha tarakimu: 17, halafu moja na saba, nane.

"Haipo, mwalimu. Namba yoyote ukiizidisha kwa yenyewe, ukajumlisha hivi, unaishia 1, 4, 7 au 9. Nane haitokei kamwe."

Revocatus, yule mzee: "Binti, tumekuita ufundishe, wewe unapiga ramli?"

RAMLI! Meza nzima mkacheka.

Naye akaendelea, "Jibu ni 75, liko hapa kwenye karatasi."

Sihaba akamjibu taratibu, "Hiyo ni 5,625, mwalimu." Akaambiwa atoke! Kwa kusema kweli, atoke!

Tulipokuwa darasa la tano, mwenzetu Modesta alichapwa kwa jibu sahihi, ukakaa kimya vilevile. Sijasahau.

Majina ya waliopata kazi yanabandikwa saa kumi. Zidisha 75 kwa 75, piga picha, mtumie Revocatus sasa hivi. Na uweke jina lako chini.