Kwa Patron, Aliyesema Anaenda Durban

Patron,

Bosi wangu, ni mimi Trezo, mpiga picha namba moja wa Turffontein tangu uondoke. Usikasirike. Ulipokuwepo nilikuwa wa pili, na hatukuachana mbali. Nakuandikia asubuhi kabla sijafungua studio. Ukiona mwandiko mbaya usisingizie shule niliyoiacha njiani. Ni woga. Jumamosi tunaondoa matanga yako, na mdomo wangu umeniingiza pabaya.

Kosa la kwanza ni lako. Najua sisi Wakongo hatutangazi safari mpaka mtu arudi, watu wasije wakaifunga. Sawa. Lakini Patron, yule bibi Mzungu wa mtaa wa Observatory, mteja wetu aliyerudi kwao, anakualika Uingereza ukapige picha za makasri na vikanisa vya kale ulivyovitamani maisha yako yote, halafu unawaambia watu unaenda harusini Durban? Hapa Johannesburg tulijua watatu tu, wewe, mkeo Mama Neema na mimi. Ukarudi Jumanne, ukasema, "Tulia, Trezo. Filamu tutazisafisha pamoja Jumatatu, nikishapumzika." Jumapili presha ikakuangusha, hata kanisani hukufika. Filamu zako nne zikabaki kwenye friji ya studio, nyuma ya maziwa.

Sasa kaka yako, Baba Mukubwa wa Randburg, anayelinda geti la ofisi kama ofisi ni yake, alisimama mbele ya ndugu wote baada ya mazishi akauliza harusi gani ya wiki mbili. Akasema Durban una mwanamke. Mama Neema akamwambia ulikuwa Uingereza. Akacheka. Mama akaleta pasipoti yako, viza hii hapa. Unajua alijibu nini? "Viza? Si mnazitengeneza wenyewe, nyie watu wa studio?"

Eish. Hapo palichoma, kwa sababu nusu ya Wakongo wa Rosettenville tumewasimamisha mbele ya kasri. Mtu anakuja na shati la kazini, unampiga picha mbele ya kitambaa cha kijani, mimi kwenye kompyuta namkata, namweka getini kwa mfalme, anaituma Bukavu, mama yake anaitundika sebuleni. Wote hao wamefika Uingereza kwa mikono yangu. Wewe uliyefika kwa miguu yako ndiye hakuna anayekuamini.

Na mimi, badala ya kukaa kimya, nikasimama juu ya kiti. "Picha zake ninazo! Amesimama mlangoni mwa kasri, anacheka!" Patron, sikuwa nimeona hata moja. Filamu zilikuwa bado ziko na maziwa. Baba Mukubwa akasema, "Sharp, sawa. Zilete siku ya matanga."

Huyo hanitishi sana. Kilichoniondolea usingizi ni Mama Neema. Tulikuwa tunaosha sahani, akaniuliza bila kunitazama, "Trezo, wewe ulimwona akipanda ndege?" Mimi nilikusindikiza mpaka kwenye robot, zile taa za barabarani, ukaingia teksi, nikarudi. Nikasema, "Nilimwona, Mama." Lakini fikiria, ameanza kuuliza. Mke uliyemwambia kila kitu ameanza kuuliza. Na namba ya yule bibi iko kwenye simu yako, na simu imefungwa kwa namba ya siri uliyoenda nayo kaburini. Hongera.

Nikazisafisha filamu peke yangu. Nikuambie ukweli wote? Ya kwanza niliiua. Maji yalikuwa yamekatika mtaa mzima, nikatumia ya dumu lililokaa juani, yenye joto kuliko ulivyonifundisha, kwa sababu sikuweza kusubiri. Ikatoka nyeusi kama kaniki. Nilikaa chini kwenye sakafu ya choo tulichokigeuza chumba cha giza cha kusafishia filamu, nikajiambia, labda alikuwa humo. Labda mlango wa kasri ulikuwa humo. Mpaka leo sijui, Patron. Nisamehe.

Zile tatu nilingoja maji yarudi, siku mbili nzima. Zimetoka. Na ni nzuri, nakubali, ingawa sitarudia kusema. Kuna kuta zenye kuvu, ngazi zilizolika katikati, dirisha la kikanisa lenye jua limelala kwenye benchi tupu. Nilipoliona nilikumbuka Jumapili zetu pale kwenye kanisa la mawe Observatory, unanisimamisha saa nzima mbele ya ukuta, mimi nalalamika njaa, wewe unasema, "Jiwe halina haraka, Trezo. Mwenye haraka ni wewe." Nilidhani unanikomoa. Kumbe ulikuwa unajifanyia mazoezi.

Lakini watu hamna. Kasri baada ya kasri, wewe humo hakuna. Mtu gani anaenda Uingereza wiki mbili hajipigi hata moja? Jasho lilinitoka. Nikafika mwisho wa filamu ya nne, ndipo nikakuona. Bila shaka ulimpa bibi kamera akushikie. Geti liko nyuma yako, minara miwili, koti lako la mistari, tumbo, suruali, viatu. Kila kitu kipo. Kichwa hakipo. Bibi amekukata shingoni, Patron, safi kabisa, kama kinyozi wa Yeoville aliyekasirika.

Vichwa vyako ninavyo vingi kwenye kompyuta. Jana mchana nikachagua kimoja, kile unachocheka, nikakiweka. Dakika ishirini tu. Kazi safi, hata wewe ungenyamaza. Kisha nikaitazama, nikaona imefanana na picha zetu zote za wateja. Mimi ninayejua ulifika, mimi mwenyewe sikuamini. Nikaifuta kabla sijabadili mawazo.

Leo alfajiri nilienda kwa Mama Neema. Nikamwambia ndege sikuiona. Nikamwambia nilijisifu bure, na filamu moja niliiharibu. Nikamkabidhi ile picha, nikabaki nachungulia viatu vyangu. Aliigeuza picha kwenye mwanga, nikaanza kutafuta mlango kwa jicho. Ghafla akacheka, Patron. Tangu mazishi sikuwa nimemsikia akicheka. Akasema, "Tumbo hili nimelipikia miaka kumi na tisa, ninaweza kulisahau? Kichwa cha kazi gani?" Kisha akalia, nami nikatoka nje, kwa sababu mimi silii mbele za watu.

Yeye sasa hana swali. Wamebaki ndugu. Wanaweza kunizomea. Baba Mukubwa anaweza kusema na hii tumeitengeneza. Nimejiandaa. Nitamuuliza, Baba, ni tapeli gani duniani anatengeneza picha ya uongo akasahau kichwa? Nitampa na filamu yenyewe aiinue dirishani. Akiendelea kuuliza kichwa kiko wapi, nitamwambia tulikizika, na yeye ndiye aliyetupa udongo wa kwanza.

Pumzika, Patron. Studio nitaifungua kila siku, na wateja wanaotaka kasri nitaendelea kuwapa, kwani ndiyo kazi uliyoniachia. Jumamosi kwanza nitasema kwa mdomo uleule kwamba nilidanganya, kisha nitaiweka picha yako mezani kama ilivyotoka kwenye kamera. Ikinishinda wakanifukuza, nitafukuzwa nayo mkononi.

Kichwa sitakiongeza.

Mwanafunzi wako, wa pili bado,
Trezo