Usiguse Nyuma ya Kompyuta

Muleba, 12 Novemba 2024

Mume wangu Baba Koku,

Tumsifu Yesu Kristo. Sisi hapa hatujambo, ila Koku ana mafua na kila jioni anakuulizia. Kifua chako kimepoa? Kula basi, usishindie chai na maandazi huko Bukoba, kwenye chumba chako cha Kitendaguro.

Nakuandikia kwa sababu jana kwenye simu ulinifokea mpaka wateja wakageuka. Barua angalau nitaisoma nimekaa. Najibu, kondakta wa basi, amekubali kuwa tarishi wetu.

Ni kompyuta ya dukani. Uliondoka Jumapili jioni ikiwa nzima. Jumatatu asubuhi nimeiwasha, taa imewaka, feni imevuma, kisha basi, haifiki mahali pa kuchapia. Nimezima na kuwasha mpaka kidole kimeuma. Mitihani ya sekondari yote imo humo ndani, nimeichapa wiki mbili, na mkuu wa shule anaitaka Jumatatu ijayo. Nikimwangusha, kazi yao itahamia duka la ng'ambo ya barabara, nami nitabaki kutoa fotokopi za vitambulisho.

Anwari, yule fundi simu jirani, amesema anaweza kuitazama. Nimemwambia asubiri nikuulize kwanza.

Mkeo,
Mama Koku


Bukoba, 13 Novemba 2024

Mama Koku,

Salamu, waitu. Mpe Koku pole ya mafua. Kifua changu kilikuwa kimeanza kupoa, barua yako imekiwasha upya.

Anwari! Mimi ninayetengeneza mashine za ofisi nzima, mke wangu ahudumiwe na mbandika vioo vya simu? Asiiguse. Wivu ninao, na sioni kwa nini niufiche. Najibu ameniambia kwamba alipokuja kuchukua barua yako alimkuta huyo Anwari kaegemea kaunta anatafuna senene. Senene za kwanza za msimu, Mama Koku! Mimi huku sijaonja hata mguu wa panzi mmoja. Tangu lini mke wa Kihaya akakaanga senene za kwanza akamlisha jirani?

Haya, kompyuta. Chomoa waya wa umeme. Fungua skrubu mbili za nyuma, uvute ubavu wa kushoto. Ndani utaona kibao chembamba kimesimama, urefu wa kalamu. Hiyo ndiyo ramu. Sukuma vishikizo vya pembeni, itajitoa. Sugua meno yake ya njano kwa ufutio wa Koku, polepole, kisha uirudishe mpaka usikie "ta!" Funga, washa, uniandikie kila kinachotokea kwenye kioo, usiache neno.

Halafu, Dastan ni nani?

Mumeo,
Baba Koku


Muleba, 14 Novemba 2024

Baba Koku,

Hatujambo. Koku anakohoa kidogo tu sasa, na anadai ufutio wake.

Tuanze na senene, maana naona zimekukaa kooni bila hata kuzila. Anwari alizinunua mwenyewe kwa Penina, pale stendi, akaja kuniomba chumvi. Chumvi! Hivi jirani akinyimwa chumvi utalala vizuri? Na kama ni mila, tuzisome zote: mke akimpa mume senene, mume humvisha. Mwaka jana ulikula sinia zima. Nguo yangu iko wapi?

Ramu nimeitoa, nimeisugua, nimeirudisha. "Ta" imelia. Hali ni ile ile. Ila safari hii nimekaa nikakitazama kioo. Ni cheusi, na juu kuna mstari wa maneno meupe ya Kiingereza. Nimeyatafuta kwenye kamusi: haioni diski ya kuanzia, niondoe nilichochomeka, nibonyeze kitufe chochote. Nimebonyeza, yamerudi yale yale. Mimi sijachomeka kitu.

Na huyo Dastan umemtoa wapi? Sijawahi kukutajia jina hilo.

Fanya haraka, mume wangu. Leo mkuu wa shule kamtuma karani wake kuuliza.

Mkeo,
Mama Koku


Bukoba, 15 Novemba 2024

Mpenzi wangu Evodia,

Habari za hapo nyumbani? Mimi sijambo kabisa, hata kifua kimetulia.

Umefanya kazi nzuri sana, ungekuwa fundi. Sasa iache hivyo hivyo. Usibonyeze tena kitu, na nakuomba usiguse nyuma ya kompyuta. Kule kuna umeme unaobaki, unaweza kuua mtu hata kama waya umechomolewa. Ifunike kitenge. Jumapili misa ya kwanza ikiisha tu napanda basi, nitaimaliza kwa dakika tano, wewe upo jikoni. Anwari asiisogelee hata kuipangusa vumbi.

Ya Dastan achana nayo, ni jina nililisikia tu mahali. Gauni nimeshakuchagulia, la bluu.

Mumeo akupendaye,
Baba Koku


Kaagya, 16 Novemba 2024

Baba Koku,

Salamu. Koku amepona, anacheza na binamu zake. Ndiyo, niko Kaagya kwa baba. Basi limetushusha Bukoba mjini asubuhi, nikaunganisha gari jingine. Kitendaguro sikupita.

Wewe mwenyewe ulinifundisha kuipangusa ile kompyuta nyuma, tena kwa mkono mtupu, ukaniambia ikishachomolewa haiumi mtu. Leo inaua? Nikajua mume wangu ndiye anayeogopa. Nikaigeuza. Kulikuwa na flashi nyeusi, ndogo kama ukucha, imejificha katikati ya nyaya. Nimeichomoa, nimewasha, ikafunguka papo hapo. Ndipo nikamwita Anwari anieleze. Alisimama mlangoni, hakuingia. Amesema kumbe uliipanga itafute flashi kwanza, na ikikuta flashi isiyo na cha kuiwashia inakwama hapo hapo. Hakuuliza ni ya nani.

Niliifungua, Lameki. Umeipa jina "Ushahidi". Kadi za harusi za watu, muhtasari wa vikao vya kikundi chetu, barua za kuomba kazi za vijana wa Muleba, mtihani wa Jiografia, vyote umenakili. Jumapili ulikula matoke yangu, nikamchukua Koku kwenda jumuiya, na wewe ukabaki dukani unanipekua. Tuliporudi ghafla ukaisahau.

Na Dastan wako yumo. Uliona jina juu ya faili, ukakimbia nalo. Ungeifungua barua yenyewe! Dastan ni afisa ajira wa chuo kipya cha Muleba. Nilimwandikia kukuombea kazi, ili urudi kulala nyumbani kwako. Nilinyamaza kwa sababu sikutaka ungoje kitu ambacho huenda kisije. Jibu limekuja jana. Wanakuita kwenye usaili Jumatano saa tatu. Nenda.

Nimelia, nisikufiche. Wivu wako nilishauzoea, nilikuwa nautania na mashoga zangu. Lakini ulipojua kosa ni lako, ukaona heri nikose kazi ya shule kuliko useme neno moja. Ukanitisha na kifo! Hilo sikulizoea, na sitaki kulizoea.

Utaratibu unaujua. Uje na mshenga na pombe ya rubisi, ukae mbele ya baba, useme kwa mdomo wako. Usimtume Najibu na barua. Baba hajawahi kugusa kompyuta, kwa hiyo itabidi umweleze polepole, kama ulivyonieleza mimi ramu: flashi ni kitu gani, uliichomeka wapi, na ulikuwa unatafuta nini kwa binti yake.

Gauni mwachie dada yako. Mitihani inachapwa, Jumatatu itafika shuleni. Ufunguo wa duka nimemwachia Anwari.

Mama Koku