Amina ya Gwaride

Karakana ya Magari,
Kambini.
Jumapili, tarehe 14 Juni.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, macho yamepata nafuu baada ya ile operesheni, na daktari amekuruhusu kurudi kwenye cherehani. Bibi je? Bado anagombana na redio wakati wa taarifa ya habari? Sisi huku hatujambo. Baba watoto kikohozi kimemwachia. Mjukuu wako meno mawili ya mbele yameng'oka, na sasa kila akitaja jina lake anapiga mluzi.

Salamu zimetosha, maana najua umeifungua barua hii ukiwa umekunja uso.

Kaka alinifikishia ujumbe wako neno kwa neno: "Mwambieni asinipigie simu mpaka atubu." Nimekupigia mara nne hata hivyo, na mara nne umenikatia. Ndiyo maana naandika. Barua haikatwi, na ninavyokujua, hata ukiitupa mezani utairudia kabla chai haijapoa.

Umeambiwa kwamba nilisimama mbele ya kikosi kizima nikakataa kumwomba Mungu. Aliyekuambia hakusema uongo. Alikata mwanzo, akakata mwisho, akakuletea kipande cha katikati. Mimi nakuletea yote, na nikimaliza sitaomba msamaha. Nakuambia mapema usije ukausubiri.

Mwezi wa pili tuliletewa mkuu mpya wa kikosi. Askari walimbandika jina la Spika siku hiyohiyo, kwa sababu spika zake mbili kubwa zilishushwa kwenye lori kabla ya masanduku yake ya nguo. Ni mtu wa dini yetu, Shangazi, tena mcha Mungu kweli. Sina shaka naye hata leo. Alikuta kikosi kina wizi wa mafuta, kina ulevi, na askari wawili wametoka kupigana kwa mikanda. Akaona dawa ni sala. Kila asubuhi, bendera ikishapanda, mchungaji wa kikosi alikuwa anapanda jukwaani, anaomba dakika mbili, kisha tunatawanyika kwenda kazini.

Sikufichi: nilifurahi. Sauti yangu ile ya kwaya niliitoa yote. Amina yangu ilikuwa inafika mpaka jikoni, na wapishi wakanitania kwamba inawachemshia chai.

Halafu dakika mbili zikawa kumi, kumi zikawa ishirini. Kisha ikabandikwa amri kwenye ubao wa matangazo, sahihi ya Mkuu chini yake: kila askari avue kofia, ainamishe kichwa, aitikie Amina kwa sauti. Makoplo wakapewa madaftari ya kuandika majina ya watakaonyamaza.

Sasa, katika karakana yangu yupo fundi wa kuchomelea vyuma tunayemwita Mzee wa Cheche. Ni Mwislamu. Tumefanya kazi pamoja miaka sita. Ijumaa mchana mimi namshikia zamu. Jumapili asubuhi yeye ananishikia yangu. Adhuhuri hutandika mkeka wake nyuma ya rundo la matairi, akimaliza anaukunja na kurudi kazini kabla hujajua kwamba hakuwepo. Hakuna aliyewahi kumsikia akibishana juu ya dini. Kwa kweli habishani juu ya kitu chochote, isipokuwa mpira.

Amri ilipotoka, alisimama mguu sawa kama siku zote, kofia kichwani, macho mbele, mdomo umefungwa. Koplo akamwuliza kulikoni. Akajibu, "Mwenzangu akiomba nanyamaza kwa heshima. Kuitikia siwezi."

Akapewa wiki mbili za kusugua vyoo. Alivisugua vikang'aa. Zilipokwisha akasimama vilevile, kimya vilevile. Adhabu ya pili ilitungwa kwa akili zaidi: akapangiwa lindo la geti kila Ijumaa, asubuhi mpaka jioni. Unaelewa maana yake. Siku ile moja ya kusali na wenzake ndiyo waliyomchukulia.

Na mimi, Shangazi? Mimi niliendelea kupaza Amina. Wiki tatu nzima. Kama kuna toba unayoitaka kwangu, ipo hapo, na hiyo nimeshaitubu.

Siku moja nilimfuata akiwa anachomelea chasisi ya lori. Nikamwambia kwa upole, kama mtu anayetoa ushauri wa maana, "Sema tu hiyo Amina yaishe. Si neno tu? Mungu wako anaujua moyo wako."

Akazima mashine. Akainua kinga yake ya uso, akanitazama mpaka nikaanza kutafuta pa kuweka mikono.

"Kama ni neno tu," akasema, "basi wewe acha kulisema."

Akaishusha kinga, akawasha mashine, akaendelea na kazi. Mimi nikabaki nimegeukia ukuta ili ule mwanga usiniumize macho. Kwangu Amina haijawahi kuwa neno tu. Wewe ndiye uliyenifundisha nisiitamke ovyo, ukanifinya sikio siku niliyoitikia nikiwa natafuna. Na hapo nilikuwa namshauri mtu mzima aitamke ovyo ili apone kusugua vyoo.

Wiki iliyofuata mchungaji akashikwa na homa. Mkuu akatafuta mtu wa kuongoza sala ya Jumatatu, akanichagua mimi, sajenti mwenye sauti. Baba watoto alifurahi sana. Aliniambia huo ndio mlango wa cheo, niingie bila kubisha hodi.

Nilipanda jukwaani kofia ikiwa mkononi. Mbele yangu watu mia nne, vichwa wazi vimeinama. Katikati yao zilibaki kofia tisa au kumi, zimenyooka. Makoplo walikuwa wanapita kati ya safu na madaftari yao, kalamu tayari. Nilikuwa nimejiandaa kuomba, Shangazi, naapa. Sala nilikuwa nayo kichwani. Lakini nilipoona kalamu zile, haikutoka.

Nikashika kipaza sauti nikasema, "Namwomba Mungu kila siku ya maisha yangu. Leo, hapa, siombi. Mnaoandika majina, andikeni na langu."

Nikavaa kofia, nikapiga saluti.

Nikasikia kamba ya bendera ikigonga mlingoti. Mkuu akaja mpaka akasimama hatua moja kutoka kwangu.

"Sajenti, unamkana Mungu mbele ya kikosi changu?"

"Hapana, afande. Nakataa amri."

"Ni kitu kimoja."

"Si kitu kimoja, afande."

Kipaza sauti kilikuwa bado kinafanya kazi, na zile spika zake zikafanya kazi yake barabara. Walisikia askari, wapishi, hata wauza mboga nje ya geti. Ndivyo habari ilivyosafiri mpaka kwako, ikimwaga vipande njiani.

Nilivuliwa mkanda na kofia, nikaandikiwa shtaka la kukaidi amri mbele ya kikosi. Kesi ikapangwa baada ya siku kumi, mbele ya maofisa watatu kutoka makao makuu.

Siku hizo kumi zilikuwa ndefu. Wenzangu wengine walikuwa wananikwepa kwenye foleni ya chakula kana kwamba nina upele. Baba watoto alinuna siku mbili, kisha akaniuliza kama nimefikiria tutahamia wapi wakinifukuza, maana nyumba ni ya jeshi. Nikamwambia sijui. Lakini asubuhi ya kesi nilimkuta na pasi ananinyooshea sare, mwanamume ambaye hajawahi kunyoosha hata leso. Akaunguza ukosi. Niliivaa hivyohivyo, na sijawahi kuvaa sare kwa fahari kama siku ile.

Jambo jingine, hili usimwambie mtu. Karani wa ofisi ya Mkuu, dada mmoja mpole mwenye miwani minene, tulipishana naye kwenye korido akanipenyezea bahasha bila hata kupunguza mwendo. Ndani mlikuwa na nakala ya ukurasa mmoja wa kanuni zetu. Alikuwa amepigia mstari mahali paliposema askari asilazimishwe kushiriki ibada yoyote. Niliusoma mpaka nikauhifadhi.

Mbele ya maofisa niliusema wote kwa kichwa. Mwenyekiti wao, mama mmoja mwenye sauti kavu, akaniuliza, "Sala ilikudhuru nini wewe, mtu wa dini hiyohiyo?"

"Mimi haikunidhuru, afande. Aliyekaa getini kila Ijumaa ni fundi wangu."

Kisha wakamwita mchungaji. Hapo nikajua nimekwisha, kwa sababu alikuwa shahidi wa Mkuu. Mzee wa watu alikuwa hajapona vizuri, akaomba kiti. Akakaa, akasema:

"Kila asubuhi nilisikia Amina mia nne. Ngapi zilitoka moyoni na ngapi zililiogopa daftari, sikujua. Aliyepaswa kukataa ni mimi, siku ya kwanza. Niliogopa."

Mwenyekiti akaliandika hilo, akafunga faili.

Amri ilifutwa juma lilelile. Madaftari yalikusanywa. Sala ikahamishiwa kwenye kanisa dogo la kambi, nusu saa kabla ya gwaride, kwa anayetaka. Waislamu wakapewa chumba karibu na stoo ya vipuri, na Mzee wa Cheche akarudishiwa Ijumaa zake. Mimi shtaka la kukaidi lilitupwa, lakini nikapewa onyo kali kwa kulitumia jukwaa, na jina langu likakatwa kwenye kozi ya kupandishwa cheo. Miaka miwili siruhusiwi kuiomba kozi hiyo tena. Iliniuma, sitakudanganya. Nilijifungia stoo nikalia, nikanawa uso, nikarudi kwenye injini iliyokuwa inanisubiri. Wangeniuliza leo, ningelipanda lile jukwaa tena, na safari hii nisingesubiri wiki tatu.

Hizo wiki tatu hata fundi wangu mwenyewe hakunisamehe upesi. Nilipotoka kwenye kesi nilidhani Mzee wa Cheche atanikumbatia. Aliniambia, "Umechelewa." Kisha akanisogezea kigoda, akanimiminia chai yake nusu, tukazungumza habari za mpira.

Siku ya kwanza ya sala ya hiari tulikuwa watu tisa. Wa tisa aliingia tukiwa tumeshaanza: Mkuu mwenyewe, peke yake, hana spika wala mpambe. Mabenchi yalikuwa matupu tele, lakini nilimpisha kwenye langu, naye akakaa. Mchungaji alipomaliza tukaitikia, na niliweza kuitambua kila sauti, ya kwake ikiwemo. Ni sauti nzuri. Hatujazungumza mpaka leo, na saluti yangu anaipokea kama mtu anayefukuza nzi. Sawa tu. Alikuja bila kuandikwa na mtu, na kwa hilo namheshimu.

Sasa nakurudia wewe. Ulipoolewa, wakwe zako walitaka uache dini yako ufuate yao. Mama mkwe akawa anakufungia mlango kila Jumapili usiende kanisani. Ukapiga magoti palepale jikoni, ukamwambia, "Nyumba ni yako, mama. Magoti ni yangu." Umetusimulia kisa hicho kila tunapokusanyika, na kila mara umekisimulia kwa kiburi kizuri. Mbona mimi unaniambia nitubu? Au magoti ya Mzee wa Cheche si magoti?

Fikiria hilo polepole. Sina haraka.

Wasalimie Bibi, na mjomba fundi saa, na binamu mwalimu. Kaka mwambie ujumbe wake mwingine aulete ukiwa umetiwa sukari kidogo. Mungu akulinde, akuponye macho kabisa, akupe amani moyoni hata siku unazonikasirikia.

Mwezi ujao naanza likizo. Nitakuja kwako na watoto na mizigo yangu yote. Usipofungua mlango nitakaa kizingitini niimbe nyimbo za kwaya kwa sauti yote, majirani wachungulie, mpaka uchoke wewe. Mimi sitachoka.

Akupendaye hata ukinuna,
Binti wa kaka yako.