Kinyoya Kinaanguka Kati Yangu na Mama Mkwe

Mama Mshauri mpendwa, salamu nyingi kutoka Busia, naomba msaada wako kabla Jumamosi haijanifikia, na tafadhali usinicheke kwa redio maana mtaa wetu wote wa Burumba unakusikiliza.

Mimi ni dereva mstaafu wa trela, nimepeleka mizigo Kampala, Kigali mpaka Goma wakati barabara ilikuwa matope matupu, shule niliacha mapema kwa sababu mwalimu hakuwa na kitu kipya cha kuniambia, na sasa nacheza badminton, ule mchezo wa kupiga kinyoya na raketi juu ya neti, tunachezea ndani ya yadi ya malori, tumechora uwanja kwa chokaa katikati ya trela mbili ndio upepo usitubebee kinyoya. Nakwambia bila kujisifu, kutoka hapa mpaka Malaba hakuna mtu wa umri wangu anapiga kama mimi, nikipiga ile ya kuua hata matanboi, wale vijana wasaidizi wa madereva, wanainamisha kichwa, na tangu nianze huu mchezo magoti yangu yamenyamaza na nyumbani naingia nikiimba.

Shida ni moja. Tunacheza wawili wawili, mwanaume na mwanamke, na mwenzangu ni mama mkwe. Jina lake siandiki, unajua mila. Mke wangu wa kwanza alifariki, nikaoa Maurine, na huyu ndiye mama yake mzazi, anauza chapati na maharagwe hapo getini, mimi na yeye ni rika moja lakini mama mkwe ni mama mkwe, simshiki mkono, njiani nampisha, mbele yake sili. Na huyo mama anacheza! Anadondosha kinyoya nyuma ya neti kama mtu anaweka yai kwa kikapu. Wazee wa yadi ndio walituweka pamoja wakasema mila ibaki nje ya chokaa, sawa, lakini mila haijui chokaa, kinyoya kikija katikati yetu mimi nasema "chukua mama," yeye anasema "hapana, chukua wewe mkwe," na kinyoya kinaanguka pale kinalala kama mgeni ameshiba.

Sasa wale wa ng'ambo ya mpaka, Opio na Amuge, wametujua. Mwezi uliopita Opio alipiga kelele, "Amuge, tupa katikati! Hapo ni shamba la wakwe, hakuna mtu anavuna!" Yadi yote ikacheka, hata mimi nilicheka kidogo, lakini tulishindwa, na haikuwa mara ya kwanza.

Halafu mama akiona kosa langu hawezi kunifokea, anamwambia Ekisa, dereva anayetuhesabia pointi, "mwambie mkwe arudi nyuma," Ekisa naye ananiambia, "mzee, mama anasema urudi nyuma," namuuliza "nyuma wapi?" na pointi imeshaenda. Mengine yanakuja kesho yake kupitia kwa Maurine wakati wa ugali, "mama anasema unakimbilia kila kinyoya kama mtu anafukuza mwizi." Nakimbilia kwa sababu naweza! Hata siku ya wanaume watupu, nilipocheza upande mmoja na Collins, yule kijana wa kliaringi anayepitisha karatasi za mizigo forodhani, alikuwa anasema "mzee, niachie hii," nikamwambia nilikuwa Kigali kabla hujaota meno.

Sasa mama ametangazia watu pale getini kwamba Jumamosi wa ng'ambo wakija na tukishindwa kwa njia hiyo tena, kinyoya kikianguka katikati yetu, yeye atacheza na Collins. Collins! Mtu wa kubeba karatasi! Mshauri, kila jioni nafanya mazoezi na matanboi na ninawachapa wote, kwa hivyo shida si mkono wangu, shida ni hii mila. Niache mila ama niache uwanja? Na uwanja sitaki kuuacha. Nikiuacha nitakaa wapi, kwa kiti nikitazama malori yakigeuza?

Ni mimi Mzee Okwara, bingwa, Busia.

MSHAURI ANAJIBU

Mzee Okwara, nimecheka, nisamehe. Hata fundi wa mitambo hapa studio amecheka mpaka akakimbia nje. Furaha yako nimeisikia na sitaki uipoteze. Sasa kaa chini nikwambie.

Mila yako haina kosa. Kumpisha njiani mama wa mke wako ni heshima, endelea hivyo. Lakini barua yako nimeisoma mara mbili. Collins si mama mkwe wako. Alikuomba umwachie kinyoya, ukamjibu habari za Kigali. Hapo palikuwa na mila gani? Mzee wangu, una magonjwa mawili, haya na majivuno, na yote mawili umeyapakia mgongoni mwa mila.

Mchezaji hakui kwa kupiga kwa nguvu. Anakua akiambiwa kosa lake likiwa bado moto, naye akilimeza. Lako linapanda kwa Ekisa, linalala kwa Maurine, likikufikia mezani limeshapoa kuliko huo ugali. Na hao matanboi unaowachapa kila jioni, umewahi kujiuliza kama wanakuheshimu tu? Mtu wa kukushinda bila huruma ndiye mwalimu wako, na unamjua kwa jina. Kuanzia leo jioni simama upande wa pili wa neti na Collins. Akuchape. Ukichapwa, muulize amekuchapa vipi, halafu nyamaza asikike.

Hiyo haya ya wakwe hulegezwa, haivunjwi. Wazee wenu wanajua njia. Kesho asubuhi chukua wazee wawili na Maurine, peleka mbuzi na leso kwa mama, na uombe kitu kimoja tu: ndani ya chokaa akufokee mwenyewe. Mkubaliane maneno mawili, "changu" na "nyuma". Hakuna kuitana majina, hakuna kushikana mikono. Yeye akae mbele, wewe kaa nyuma upige kinachompita. Cha katikati ni chake. Ndiyo, chake, hata kama mkono wako unawasha. Akikosa, usigune.

Mnaweza kushindwa Jumamosi, Opio na Amuge si watoto. Lakini mama alisema mkishindwa "kwa njia hiyo". Tafuteni njia nyingine ya kushindwa, mkipiga kelele, mkitoka jasho, na nafasi yako utaikuta pale pale.

Na kama mama atakataa mbuzi, basi mpe Collins nafasi kwa roho safi, usimame kando ya uwanja na umshangilie mama mkwe wako kwa sauti yako yote ya Goma. Hilo halijakatazwa na mila yoyote ninayoijua.