Kikohozi Kilichonitoa Harusini kwa Binti Yangu

Bi Kazija, shikamoo. Nakuandikia kutoka huku upande wa Mtama, naomba usitaje jina langu redioni, na majina ya watu wengine humu nimeyabadilisha, kwa sababu jambo lenyewe ni la aibu na sijamwambia mtu, hata mume wangu tunayelala kitanda kimoja.

Ni mwaka wa tatu sasa kifua kinanibana, pumzi inapanda inakwama njiani, nikilala kinalia kama kuna kifaranga ndani, nakohoa mpaka machozi, na juu ya hilo nachoka ovyo, macho yananiwasha, mikono inatoka vipele, kisha napata nafuu nadhani nimepona, halafu mikorosho ikianza kupuliziwa salfa, ile dawa ya unga, na mume wangu Alfani akirudi shamba nguo zote za njano nikazifua, hali inarudi upya. Nimepimwa makohozi, kifua kikuu hakuna, nikarudia, hakuna, damu nimepima niko salama, picha ya kifua wakasema safi, kila ninapokwenda napewa vidonge na dawa ya maji ya kikohozi, narudi vilevile. Watu hawaamini vipimo. Wifi yangu amenitengea kikombe. Alfani akasema, "Hii siyo ya hospitali," akanipeleka kwa mganga, nikafunikwa shuka juu ya chungu cha moshi, nikatolewa humo nimezimia.

Lakini aibu yenyewe siyo hiyo. Bi Kazija, nikikohoa mkojo unanitoka. Navaa vitambaa kama mtoto mchanga, tarawehe msikitini nimeacha, vikao vya kina mama nimeacha, nikialikwa nasema nina mgeni. Sasa mwezi uliopita Naima, binti yangu wa pekee, aliolewa Rasbura, pale Lindi mjini, na kijana anaitwa Haruna, kijana mstaarabu, nampenda. Wakanikalisha mbele pembeni ya mama mkwe wa Naima, wakapitisha chetezo cha udi, moshi ukanifikia, nikakohoa, nikakohoa, nikajua nimelowana mpaka kwenye kiti. Wenzangu wakipiga vigelele, mimi nikajizungushia kanga, nikatokea mlango wa jikoni, nikapanda bodaboda mpaka stendi nikarudi nyumbani bila kumuaga mtu. Nimeambiwa bibi harusi alipotolewa aliangaza huku na huku, mama hayupo.

Kesho yake akanipigia analia. "Mama, kama hukumtaka Haruna si ungesema mapema? Umeniacha na watu wananiuliza mama yako yuko wapi."

Nikamjibu kichwa kiliniuma. Akakata simu, na mpaka leo hapokei.

Daktari wa mwisho alikuwa kijana umri wa mwanangu. Aliniuliza, "Mama, kuna kingine?" Nikasema hakuna. Basi niambie wewe, nina ugonjwa gani, na nifanye nini, maana nimefika mahali naona heri kingekuwa kifua kikuu chenyewe, angalau kina jina.

Mimi Ninayejificha,
Mtama

*

Marahaba, mdogo wangu. Pole sana. Na pole hiyo ishike vizuri, maana yanayofuata ni ya kukugombeza.

Ugonjwa wako siujui, na yeyote atakayekutajia jina lake kwa kusoma barua tu anakudanganya. Ila kwa nini haujajulikana, hilo nalijua. Madaktari umewapelekea nusu ya habari. Mimi nisiye na hata kidonge umenieleza kwamba kikohozi kinakuja na salfa, kinachokozwa na moshi, kinalia usiku, kinafuatana na vipele na macho, na mkojo unakutoka. Yule kijana wa watu ulimwambia unakohoa, basi. Alipokufungulia mlango ukamfungia. Kutokuwa na kifua kikuu siyo kutokuwa na ugonjwa, mama. Pumu, kwa mfano, inaweza kuwepo na picha ya kifua ikatoka safi. Sisemi ni pumu. Nasema kuna maradhi yanayojulikana kwa maelezo ya mgonjwa, na kuna kipimo cha kupuliza kinachoonyesha nguvu ya pumzi, ambacho wewe hukukitaja kabisa.

Huo mkojo wanawake wengi waliozaa wanaujua, wananyamaza kama wewe. Una matibabu. Ukiona haya kwa kijana, sema, "Naomba nionwe na daktari wa kike au nesi wa kike." Hakuna atakayekufukuza. Na ibada usiiache: mwenye udhuru ana ruhusa zake katika dini, muulize mwalimu wa kike wa madrasa.

Wewe uliyeitwa Alfani humu, unajijua, kama unasikiliza: mtu asiyepata pumzi humwingizi kwenye moshi. Ulikaribia kumuua mkeo. Kuanzia leo nguo za salfa unavulia nje na unazifua mwenyewe, na kama mnapikia kuni ndani, jiko linatoka linakwenda uani. Wifi naye arudishe vikombe pamoja, vipimo vimeshasema.

Na wewe mama, pumzi ikikubana hata huwezi kumaliza sentensi, au midomo ikageuka rangi, usingoje kupambazuke. Tafuta usafiri saa hiyohiyo.

Kama haijafika huko, kesho panda gari uende Lindi, na vile vidonge vyote ulivyowahi kupewa vitie kwenye mfuko. Lakini hospitali usiende kwanza. Shukia Rasbura, kwa Naima. Asipokufungulia, kaa barazani. Akifungua usimtajie kichwa. Mwambie, "Mwanangu, nilikohoa nikajikojolea mbele ya wakwe zako, nikaona haya, nikakimbia." Atalia, na wewe utalia. Mkimaliza, mwambie avae, mwende wote kwa daktari.