Kitambaa ya mama mukwe wa Gamaliel

Anne-Marie, Gamaliel amepata haya leo! Ule bwana ya Bénite, wa « miye ni technicien, fundi ya kila kitu »!

Mama mukwe wake alikuwa ataimba solo na kwaya yake ku télé, mara moja tu. Gamaliel akaapa ataenregistrer, bataangalia nyuma. Ako na décodeur mbili za aina moja. Ku kila moja alibandika kajicho ka infrarouge, saa ikifika kanatuma amri kama télécommande, kanaibadilishia chaîne. Moja ya kuenregistrer kwaya, moja ya mupira.

Ku essai, alipojaribu, yote ilitembea. Mais décodeur ya chini, ile ya kwaya, ilikuwa imefunikwa na kitambaa nzito, ile mama mukwe alishona na mukono yake.

Siku yenyewe ya kwaya, bwana akaitosha kitambaa, akaiweka pembeni! « Hapana funika technologie, bageni baone taa. » Taa!

Leo famille yote mu salon, mama amevaa liputa mupya. Gamaliel anafinya télécommande: mupira. Anafungula enregistrement ya décodeur ingine: mupira! Kajicho ka mupira, kenye kalianza nyuma ya ka kwaya, kalipiga décodeur zote mbili, sababu kitambaa ya kukazuia haiko tena.

Mama hakukasirika hata. Akaikunja kitambaa yake, akaitia mu sakoshi.

« Bénite, hii kitambaa njo ilikuwa technicien. Narudi nayo kwangu Beni. »